Hewa Tiba ya Oksijeni na Dakika za Mwanzo za Dharura: Mambo ya Msingi kwa Wanafunzi wa Kada za Afya

Hewa tiba ya oksijeni ni dawa. Ina dozi yake na njia zake za kutolewa, hudhuru inapozidi, na inapokosekana mgonjwa anaweza kupoteza maisha ndani ya dakika chache. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka katika Orodha ya Dawa Muhimu, na mwaka 2017 orodha hiyo ilitambua rasmi matumizi yake katika kutibu upungufu wa oksijeni kwenye damu, baada ya miaka mingi ya kutajwa kwa ajili ya usingizi wa upasuaji pekee. Kwa mwanafunzi wa uuguzi, utabibu au udaktari, utambuzi huo una maana moja ya kivitendo: oksijeni huandikwa kwenye jalada la mgonjwa kama dawa nyingine yoyote, kikitajwa kiasi, kifaa kilichotumika, saa iliyoanza kutolewa na matokeo yake.

Umuhimu wa elimu hiyo huonekana zaidi katika maeneo ambayo mgonjwa husafiri mwendo mrefu kabla ya kufika hospitali. Nyamigogo, katika ukanda wa wilaya za Biharamulo na Ngara mkoani Kagera, ni miongoni mwa maeneo hayo. Ukanda huu unapitiwa na barabara kuu itokayo Lusahunga kwenda mpaka wa Rusumo, njia inayotumiwa na malori ya mizigo yaendayo Rwanda, Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ajali za barabarani, uzazi wenye matatizo, nimonia na malaria kali kwa watoto ni dharura ambazo mtumishi wa zahanati ya kijijini anapaswa kuwa tayari kuzipokea saa yoyote, mara nyingi akiwa na msaidizi mmoja tu.

Makala haya yanaeleza misingi ya kumhudumia mgonjwa wa dharura na kumpa hewa tiba kwa usahihi, kuanzia anapopokelewa hadi anapokabidhiwa katika ngazi ya juu. Ni nyenzo ya kujifunzia. Hayachukui nafasi ya miongozo ya Wizara ya Afya wala maelekezo ya msimamizi wa mafunzo.

Ngazi za huduma na safari ya mgonjwa

Mfumo wa afya wa Tanzania unaanzia zahanati, unafuata kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda na hatimaye hospitali ya taifa. Kwa mkazi wa ukanda wa Biharamulo na Ngara, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bukoba, zaidi ya kilometa 150 kwa barabara kutoka Biharamulo. Kwa upande wa mkoa jirani wa Geita ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato, na mbele zaidi, jijini Mwanza, ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando.

Safari ya kwenda Bugando inaonesha jinsi miundombinu inavyogusa uhai wa mgonjwa. Kwa miaka mingi gari la wagonjwa lililotoka Biharamulo kupitia Geita na Sengerema lililazimika kusubiri kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilometa tatu, lilizinduliwa Juni 2025 na kuondoa kusubiri huko. Muda uliokuwa ukitumika kando ya maji ulikuwa pia muda wa mtungi wa oksijeni kuendelea kupungua ndani ya gari.

Kutokana na umbali huo, mtoa huduma anayempokea mgonjwa mahututi huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kuokoa maisha yake sasa. Ya pili ni kuhakikisha kwamba msaada alioanza kuutoa hautakatika njiani.

Kujikinga kabla ya kumgusa mgonjwa

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuthibitishwa kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, baada ya wagonjwa wawili kuthibitishwa na wengine wanane kuhesabiwa kuwa walielekea kuwa na ugonjwa huo. Wote 10 walifariki dunia. Kabla ya hapo, Machi 2023, Mkoa wa Kagera ulikuwa umekumbwa na mlipuko wa kwanza wa Marburg nchini.

Ugonjwa huo huambukizwa kwa kugusana moja kwa moja na damu au majimaji ya mwili ya mgonjwa au maiti, na dalili zake za mwanzo, kama vile homa kali, maumivu ya kichwa na uchovu, hufanana na za malaria. Kwa sababu hiyo tahadhari za kawaida hutumika kwa kila mgonjwa bila kusubiri majibu ya maabara. Mtoa huduma hunawa mikono, huvaa glavu, na huongeza aproni, barakoa na kinga ya macho pale damu, matapishi au makohozi yanapoweza kuruka. Kutumia mashine ya kufyonza makohozi na kumpumulisha mgonjwa kwa mfuko wa hewa ni kazi zinazoweza kurusha majimaji, hivyo hazifanywi bila kinga. Mtumishi anayeambukizwa hukosekana kazini wakati ambapo jamii inamhitaji zaidi, na anaweza kupeleka maambukizi nyumbani kwake.

Mpangilio wa hatua za mwanzo

Dharura huchanganya akili. Mpangilio unaorudiwa kwa namna ileile kila mara humsaidia mtoa huduma asiruke jambo. Utaratibu unaotumika duniani kote una hatua tano, na tatizo linaloonekana katika hatua moja hushughulikiwa kabla ya kwenda inayofuata.

Hatua ya kwanza ni njia ya hewa. Mgonjwa anayeongea kwa sauti ya kawaida ana njia ya hewa iliyo wazi. Anayekoroma, anayetoa sauti ya majimaji kooni au asiye na fahamu yuko hatarini, kwa kuwa ulimi unaweza kurudi nyuma na kuziba koo. Kichwa huinamishwa nyuma kidogo na kidevu kuinuliwa. Iwapo kuna ajali na shingo inashukiwa kuumia, kichwa hakiinamishwi, bali taya husukumwa mbele kwa vidole huku shingo ikitulizwa. Matapishi na damu huondolewa kwa mashine ya kufyonza.

Hatua ya pili ni upumuaji. Kifua hutazamwa kama kinapanda sawasawa pande zote, pumzi huhesabiwa kwa dakika moja kamili, na kiwango cha oksijeni kwenye damu hupimwa. Hapa ndipo hewa tiba huanza kutolewa ikihitajika. Ikumbukwe kuwa oksijeni haimsaidii mgonjwa asiyepumua kabisa. Huyo anahitaji kupumulishwa kwa mfuko wa kusukumia hewa na barakoa yake, unaounganishwa na oksijeni ikiwepo.

Hatua ya tatu ni mzunguko wa damu. Damu inayotoka kwa wingi huzuiwa kwa kukandamiza kidonda moja kwa moja. Mapigo ya moyo, joto la mikono na miguu na shinikizo la damu huchunguzwa. Endapo mtu mzima hana mapigo wala hapumui, kifua hukandamizwa katikati kwa kina cha sentimeta 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na baada ya kila mikandamizo 30 hupewa pumzi mbili.

Hatua ya nne ni fahamu. Mtoa huduma huangalia kama mgonjwa anaitika akiitwa, anaitika akifinywa au haitiki kabisa, na hupima sukari kwenye damu. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kupoteza fahamu kwa kushuka kwa sukari, na tatizo hilo hutibika kwa haraka iwapo limetambuliwa. Hatua ya tano ni kufunua mwili na kuukagua wote, mbele na nyuma, kisha kumfunika mgonjwa ili asipoteze joto.

Baada ya hatua ya tano mtoa huduma hurudi ya kwanza. Hali ya mgonjwa wa dharura hubadilika, na kipimo cha nusu saa iliyopita hakielezi hali yake ya sasa.

Kupima kabla ya kutoa, kupima baada ya kutoa

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Mtu mwenye afya njema huwa na kiwango cha oksijeni kwenye damu cha asilimia 95 hadi 100, kinachopimwa kwa pulsi oksimita, kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole. Kiwango kilicho chini ya asilimia 90 ni upungufu unaohitaji hewa tiba. Mgonjwa mwenye dalili za hatari, kama vile mshtuko, degedege, kupoteza fahamu au shida kubwa ya kupumua, huanzishiwa hewa tiba mara moja, na lengo huwa kufikia asilimia 94 au zaidi wakati wa kumwokoa. Akitulia, kiwango cha asilimia 90 na kuendelea hutosha kwa wagonjwa wengi. Kwa mjamzito lengo huwa asilimia 92 hadi 95.

Macho peke yake hayatoshi kutambua upungufu huo. Rangi ya bluu kwenye ulimi na ndani ya midomo hujitokeza kwa kuchelewa, na kwa mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu inaweza isionekane kabisa. Hata hivyo, pulsi oksimita nayo ina mipaka ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua.

Kwanza, mikono yenye baridi, kutetemeka, mwanga mkali, rangi ya kucha na hina vinaweza kuvuruga kipimo. Namba huaminiwa pale tu ishara ya mapigo inapoonekana kwa utulivu kwenye kioo cha kifaa. Pili, tafiti zimeonesha kuwa kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi, hivyo mgonjwa anayehangaika kupumua hahesabiwi kuwa salama kwa sababu ya namba nzuri. Tatu, mtu aliyevuta moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kuonesha asilimia 99 ilhali mwili wake umekosa oksijeni, kwa kuwa kifaa hakitofautishi oksijeni na gesi ya sumu ya moshi iliyoshika kwenye damu. Mgonjwa huyo hupewa oksijeni kwa kiwango cha juu bila kujali namba. Nne, mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria anaweza kuwa na namba ya kawaida huku damu iliyobaki ikiwa haitoshi kubeba oksijeni inayohitajika. Tiba yake kuu ni kuongezewa damu.

Vifaa vya kutolea na dozi zake

Kifaa huchaguliwa kulingana na kiasi cha oksijeni ambacho mgonjwa anahitaji. Mrija wenye ncha mbili za puani hutumika kwa mtiririko wa lita 1 hadi 5 kwa dakika kwa mtu mzima. Ni rahisi kuvumilika, humruhusu mgonjwa kuongea na kunywa, na hutumia oksijeni kidogo. Barakoa ya kawaida hutumika kwa lita 6 hadi 10 kwa dakika. Haitumiki kwa chini ya lita 5, kwa sababu mgonjwa anaweza kuvuta tena hewa chafu aliyoitoa mwenyewe. Barakoa yenye mfuko wa akiba hutumika kwa lita 10 hadi 15 kwa dakika kwa mgonjwa aliye katika hatari kubwa. Mfuko hujazwa kwanza kabla ya kumvisha, na ukionekana kusinyaa kabisa anapovuta pumzi, mtiririko huongezwa.

Kwa watoto, mrija wa puani ndiyo njia inayopendekezwa. Mtoto mchanga huanza na lita 0.5 hadi 1 kwa dakika, na mtoto mkubwa kidogo lita 1 hadi 2. Ukubwa wa mrija huendana na umri, na pua husafishwa ili makamasi yasiuzibe.

Dozi kubwa kupita kiasi ina madhara. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, oksijeni nyingi inaweza kuharibu macho hadi kusababisha upofu, kwa hiyo akiwa kwenye hewa tiba kiwango chake hakiachwi kupanda juu ya asilimia 95. Kwa mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu, lengo ni asilimia 88 hadi 92, kwa kuwa kiwango kikubwa zaidi kinaweza kusababisha hewa ya ukaa kulimbikizana mwilini. Kila mara mtiririko hupandishwa au kushushwa kwa kufuata kipimo, na badiliko huandikwa.

Vyanzo vya hewa tiba na hesabu ya mtungi

Vituo vingi hutegemea vyanzo vitatu. Cha kwanza ni mtambo wa kuzalisha hewa tiba, ambao huchuja naitrojeni kutoka kwenye hewa ya kawaida na kusambaza oksijeni wodini kwa mabomba au kujaza mitungi. Mitambo ya aina hiyo iliongezeka nchini baada ya UVIKO-19, ambapo sehemu ya mkopo wa takriban Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ulioidhinishwa Septemba 2021, ilielekezwa kwenye majengo ya huduma za dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na hewa tiba. Cha pili ni konsentreta, mashine ndogo inayofanya kazi kwa kanuni hiyohiyo kando ya kitanda na kutoa lita 5 au 10 kwa dakika. Haihitaji kujazwa, lakini hutegemea umeme, na vichujio vyake husafishwa mara kwa mara. Cha tatu ni mtungi, ambao hufanya kazi bila umeme na ndiyo tegemeo la gari la wagonjwa. Kituo kinachotumia konsentreta hakina budi kuwa na mtungi wa akiba karibu, kwa ajili ya saa ambayo umeme utakatika.

Kosa linaloweza kugharimu maisha ni kuanza safari bila kuhesabu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ujazo wa mtungi kwa lita, ulioandikwa kwenye shingo yake, huzidishwa kwa presha inayosomwa kwenye geji kwa kipimo cha bar. Jibu ni lita za oksijeni zilizomo. Jibu hilo likigawanywa kwa mtiririko wa lita kwa dakika, hupatikana dakika ambazo mtungi utadumu. Geji inayosoma kwa psi hubadilishwa kwa kugawanya namba yake kwa 14.5.

Chukua mtungi wa lita 10 unaoonesha bar 150. Una oksijeni lita 1,500. Kwa mgonjwa anayetumia mrija wa puani kwa lita 3 kwa dakika, utadumu dakika 500, yaani zaidi ya saa nane. Kwa mgonjwa anayetumia barakoa yenye mfuko wa akiba kwa lita 15 kwa dakika, mtungi huohuo utadumu dakika 100 tu.

Sasa ichukuliwe safari ya saa mbili kwa mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika. Mahitaji ni lita 1,200. Tairi linaweza kupasuka, mvua inaweza kuharibu njia, na mapokezi yanaweza kuchukua muda, hivyo huongezwa nusu ya kiasi hicho kuwa akiba. Jumla inakuwa lita 1,800. Mtungi uliotajwa hapo juu, ambao kwa macho unaonekana umejaa, hautoshi. Mtoa huduma aliyefanya hesabu hiyo kabla ya kuondoka ataomba mtungi wa pili, ataangalia kama mgonjwa anaweza kutulia kwa mtiririko mdogo zaidi, au atapanga kubadilisha mtungi katika kituo kilicho njiani. Aliyeondoka bila kuhesabu atagundua tatizo hilo barabarani, mahali ambapo hakuna wa kumsaidia.

Usalama wa mtungi

Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini hufanya kitu kinachowaka kiwake kwa kasi kubwa. Sigara, mshumaa, jiko na cheche huwekwa mbali. Mafuta, grisi na losheni havigusishwi kwenye vali wala kwenye kidhibiti presha, kwa kuwa mafuta yakikutana na oksijeni yenye presha kubwa yanaweza kulipuka. Mikono hukaushwa vizuri baada ya kutumia kitakasa chenye spiriti.

Mtungi hufungwa kwa mnyororo au mkanda ukiwa umesimama, wodini na ndani ya gari. Ukianguka na vali yake ikakatika, unaweza kuruka kwa nguvu na kuua. Vali hufunguliwa taratibu. Mtungi mtupu huwekewa alama na kutengwa na uliojaa. Rangi ya mtungi haitoshi kuutambua, kwa kuwa viwango vya rangi hutofautiana. Lebo husomwa kila mara. Oksijeni ya mafundi wa kuchomelea haitumiki kwa mgonjwa.

Mtoto anayezaliwa bila kulia

Dharura ya mtoto mchanga ina utaratibu wake. Mtoto asiyelia hukaushwa, hupewa joto na kusisimuliwa kwa kusuguliwa mgongoni. Asipoanza kupumua, hupumulishwa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza ya maisha yake. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, kazi hiyo huanza kwa hewa ya kawaida, bila oksijeni. Kinachomwokoa ni hewa kuingia mapafuni mapema. Kukimbilia kutafuta mtungi kabla ya kumpumulisha ni kupoteza dakika yake muhimu kuliko zote.

Tanzania imechangia kwa kiasi kikubwa katika elimu hii. Mafunzo ya Kuwasaidia Watoto Kupumua yalijaribiwa katika hospitali nane nchini kuanzia mwaka 2009, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kupungua kwa asilimia 47 kwa vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza. Mpango uliofuata wa Uzazi Salama, uliotekelezwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Geita, Manyara, Mwanza, Shinyanga na Tabora, ulihusisha takriban wajawazito 300,000, na matokeo yake yalichapishwa Februari 2025. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa karibu asilimia 40. Sehemu muhimu ya mpango huo ilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara yanayofanyika kazini kwa kutumia mwanasesere, badala ya semina moja ndefu kwa mwaka.

Fundisho hilo linafaa kila dharura. Huduma za kisasa za dharura nchini zina historia fupi. Idara kamili ya magonjwa ya dharura ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mwanafunzi aliye katika mafunzo ya vitendo hospitali ya wilaya hahitaji kusubiri ubingwa. Anaweza kufunga kidhibiti presha kwenye mtungi mpaka mikono izoee, kushika barakoa usoni bila kuvujisha hewa, na kufanya hesabu ya mtungi kila anapoingia zamu.

Kukabidhi mgonjwa na wajibu wa wananchi

Kabla ya gari kuondoka, kituo kinachopokea hupigiwa simu na kuelezwa umri wa mgonjwa, tatizo lake, vipimo vyake, mtiririko wa oksijeni anaotumia na saa anayotarajiwa kufika. Njiani kiwango cha oksijeni hupimwa angalau kila baada ya dakika 15, pamoja na kuangalia geji ya mtungi. Anapofika, hahamishwi kutoka kwenye mtungi wa gari kabla ya chanzo kipya kuwa tayari.

Wananchi nao wana nafasi yao katika dakika za mwanzo. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga anayepata dharura, namba ya bila malipo 115 ya mfumo wa M-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, huunganisha familia au kituo na gari la wagonjwa, na pale ambapo gari hilo halipo, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Taarifa za magonjwa ya mlipuko hutolewa kwa kupiga 199 bila malipo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 na Polisi kwa 112.

Mgonjwa asiye na fahamu anayepumua alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi, isipokuwa pale ajali inapoleta hofu ya kuumia shingo. Asipewe maji wala chakula. Mtoto anayepumua haraka, anayebonyea mbavu au anayeshindwa kunyonya apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Jiko la mkaa lisiachwe likiwaka katika chumba cha kulala.

Kwa upande wa vituo, kila zamu inapaswa kuanza kwa kukagua presha ya mtungi, kuwasha konsentreta, kujaribu mashine ya kufyonza, kupima pulsi oksimita kwenye kidole cha mtumishi mwenyewe, na kuhakikisha mifuko ya kupumulishia ya mtu mzima, mtoto na mtoto mchanga ipo mahali pake. Ukaguzi huo huchukua dakika chache, na unapoandikwa kwenye daftari la zamu humwezesha mtumishi anayefuata kujua kilichopo na kinachopungua kabla mgonjwa hajafikishwa mlangoni.